Mzazi mwenzako akivunja makubaliano ya kulea mtoto, sheria yasemaje?

MAKUBALIANO ya kulea mtoto aghalabu huandikwa siku ambayo wazazi wawili wamechoka kugombana. Huandikwa katika ofisi ya chifu, mbele ya afisa wa watoto au kortini, na kwa muda huonekana kuwa yameuzima ugomvi. Kisha wikendi moja mtoto harejeshwi. Simu haishikwi, na anayeulizwa hujibu kwamba mtoto yuko salama na hakuna haja ya haraka.

Katika Nangina na vijiji vingine vya Samia, kaunti ya Busia, jambo hili huwa zito zaidi kuliko katika sehemu nyingi za Kenya. Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, sawa na Wateso walio Malaba na Tororo. Mama huweza kuwa mzaliwa wa upande huu na baba wa upande ule, wakaoana, wakaachana, na mtoto akabaki na nyanya wawili katika nchi mbili. Mtoto aliyepandishwa boda boda asubuhi huenda akawa chini ya sheria ya taifa jingine kabla ya adhuhuri.

Swali ambalo wazazi wa aina hii hujiuliza ni moja: je, mwenzangu akiyavunja makubaliano, naweza kwenda kortini nikaomba yabadilishwe? Jibu ni ndiyo. Lakini njia ya kufika huko ina hatua zake, na wengi hushindwa si kwa kuwa hawana haki, bali kwa kuwa wameruka hatua.

SHERIA ZINAZOTAWALA

Msingi wa kwanza ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kinasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie.

Mambo hayakuwa hivyo tangu awali. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, ilimtwika mama pekee wajibu wa kwanza pale ambapo wazazi hawakuwa wameoana. Mnamo 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba sehemu hiyo ilikuwa inapingana na Katiba. Sheria mpya ya Watoto, iliyoanza kutumika Julai 2022 na kuifuta ile ya 2001, imeupokea msimamo huo wa usawa.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba Kenya na Uganda zote mbili ziliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mnamo 1990. Mkataba huo unamtambua mtoto aliyetengana na mzazi mmoja kuwa mwenye haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa kama jambo hilo linamdhuru. Haki hiyo, basi, ni ya mtoto kabla ya kuwa ya mzazi.

Mila nazo zina nafasi yake, ila hazipiti Katiba. Mara kwa mara husikika hoja kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba kwa kuwa mahari ililipwa, au kwamba baba hana lake kwa kuwa mahari haikulipwa. Hoja zote mbili hazimfungi hakimu. Mahari hainunui ulezi, na kutolipwa kwake hakuufuti.

HATI YAKO NI YA AINA GANI?

Kabla ya kulalamika kwamba makubaliano yamevunjwa, mzazi hana budi kutazama ana karatasi gani mkononi. Nguvu ya hati hutofautiana.

Ya kwanza ni makubaliano ya mdomo au ya maandishi yaliyofanyiwa nyumbani, mbele ya wazee, au kwa chifu. Haya ni ushahidi mzuri wa yale waliyokubaliana wazazi, lakini si amri. Polisi hawawezi kumkamata mtu kwa kuyavunja, wala hakimu hawezi kumwadhibu kwa kudharau mahakama.

Ya pili ni makubaliano yaliyoandikwa mbele ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Haya yana uzito zaidi kwa sababu afisa ni mtumishi wa serikali mwenye jukumu la kulinda watoto, na faili hubaki ofisini mwake. Hata hivyo, nayo hayawi amri ya mahakama mpaka yapelekwe kortini na kupokewa rasmi.

Ya tatu ni makubaliano ambayo mahakama imeyapokea na kuyafanya amri yake. Wazazi huweza kukubaliana katikati ya kesi, au kwa msaada wa mpatanishi, na hakimu akaitia mahakama muhuri wake. Kuanzia hapo, anayeyavunja hamvunjii mwenzake ahadi tu, anaikaidi mahakama.

Kwa hiyo mzazi mwenye karatasi ya chifu au ya afisa wa watoto asianze kwa kuomba mwenzake afungwe. Aanze kwa kuomba mahakama iyatambue makubaliano hayo, au itoe amri mpya kulingana na hali ilivyo sasa.

KUVUNJA AHADI SI KUPOTEZA MTOTO

Hapa ndipo wengi hukosea. Mzazi aliyedhulumiwa huingia mahakamani akiamini kwamba kwa kuwa mwenzake amekosea, mtoto atahamishiwa kwake kama fidia. Mahakama haifikirii hivyo. Mtoto si zawadi ya mzazi mtiifu wala adhabu ya mzazi mkaidi.

Hakimu hujiuliza maswali mawili. La kwanza: je, kuna jambo kubwa lililobadilika tangu makubaliano yalipofanywa? La pili: je, mpango mpya unaoombwa utamfaa mtoto kuliko ule wa zamani? Kuvunjwa kwa makubaliano ni sehemu ya jibu la swali la kwanza. Peke yake hakujibu la pili.

Mathalani, baba aliyechelewa kumrejesha mtoto kwa saa tatu kwa sababu ya mafuriko hajabadilisha chochote katika maisha ya mtoto. Lakini mama anayemzuia mtoto kumwona baba kwa miezi minane mfululizo, akamwambia kwamba baba amekufa, amegusa jambo la msingi. Vivyo hivyo baba aliyemhamisha mtoto shule katikati ya muhula na kumficha kwa shangazi ng'ambo ya mpaka. Katika mifano hiyo miwili ya mwisho, hakimu ana sababu ya kuuliza kama mzazi huyo bado anaweza kuaminiwa kulinda uhusiano wa mtoto na mzazi wa pili.

Umri nao huzingatiwa. Kwa miaka mingi mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka 10, hukaa na mama isipokuwa kuna sababu za kipekee. Sababu hizo ni kama kutelekezwa, kuteswa, ulevi uliokithiri au maradhi yanayomzuia mama kumtunza mtoto. Tangu Katiba ya 2010, kanuni hiyo husomwa sambamba na ile ya usawa wa wazazi na ya maslahi ya mtoto, kwa hiyo si kinga isiyopenyeka kwa mama yeyote anayekiuka amri.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza ni kumkumbusha mwenzako kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe na maneno ya heshima unatosha: makubaliano yalisema hivi, jana imekuwa hivi, naomba mtoto arejeshwe siku fulani. Ujumbe wa matusi, hata ukiwa na ukweli, hugeuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyeuandika.

Hatua ya pili ni kumwendea afisa wa watoto. Wakazi wa Nangina huhudumiwa na afisa wa kaunti ndogo ya Samia, na wa Malaba na yule wa Teso Kaskazini. Afisa ana uwezo wa kumwita mzazi wa pili, kusikiza pande zote na kuandika makubaliano yaliyorekebishwa. Mara nyingi ugomvi huishia hapa, hasa kama chanzo chake ni ratiba isiyotekelezeka badala ya nia mbaya.

Hatua ya tatu ni mahakama. Kesi za ulezi husikizwa na Mahakama ya Watoto, yaani hakimu aliyeteuliwa rasmi kushughulikia mambo ya watoto, katika majengo ya mahakama kama yale ya mjini Busia. Kama tayari kuna faili, mzazi huwasilisha ombi ndani ya faili hiyo hiyo akitaka amri ibadilishwe. Kama hakuna, hufungua kesi mpya. Ombi huandamana na hati ya kiapo inayoeleza kilichokubaliwa, kilichovunjwa, kinachompata mtoto sasa, na mabadiliko yanayotakiwa.

Ikiwa kuna hatari ya karibu, kwa mfano dalili kwamba mtoto anataka kutoroshwa, mzazi huomba kesi isikizwe kwa dharura. Hakimu huweza kutoa amri ya muda bila kumsikiza mzazi wa pili, kisha pande zote zikaitwa baada ya siku chache. Amri ya muda si ushindi. Ni kizuizi cha kumweka mtoto mahali salama wakati ukweli ukitafutwa.

Mahakama pia huweza kuwapeleka wazazi kwa mpatanishi. Upatanishi ulio chini ya mahakama ulianzishwa Nairobi mnamo 2016 na baadaye ukaenezwa katika vituo vingine. Yanayosemwa mbele ya mpatanishi ni siri, na wazazi wakikubaliana, mwafaka wao huwa amri. Wasipokubaliana, faili hurudi kwa hakimu bila yeyote kulaumiwa.

USHAHIDI UNAOSIKIZWA

Malalamiko bila kumbukumbu huwa ni neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Mzazi mwenye busara huweka daftari na kuandika kila siku ya kubadilishana mtoto: tarehe, saa, mahali, aliyekuwepo na kilichotokea.

Rejista ya shule huonyesha siku ambazo mtoto hakuhudhuria masomo. Kadi ya kliniki huonyesha ni nani aliyempeleka kupata chanjo na matibabu. Taarifa ya M-Pesa huonyesha ni nani aliyetuma karo na pesa za chakula, na lini. Mwalimu, jirani, naibu wa chifu au mhudumu wa afya wa kijiji huweza kutoa ushahidi wa yale waliyoyaona kwa macho yao.

Ujumbe wa simu na wa WhatsApp hukubaliwa, lakini Sheria ya Ushahidi hutaka nakala zake ziandamane na cheti cha anayezitoa, kikieleza zilivyopatikana na kuchapishwa. Kesi nyingi hupoteza ushahidi mzuri kwa kusahau karatasi hiyo moja.

Zaidi ya hayo, mahakama kwa kawaida humwagiza afisa wa watoto afanye uchunguzi na kuandika ripoti. Afisa hutembelea nyumba zote mbili, huongea na mtoto na walimu, na kutoa mapendekezo. Hakimu halazimiki kuyafuata, lakini huyapa uzito mkubwa. Mzazi anayemkwepa afisa hujidhuru mwenyewe.

MTOTO AKIVUSHWA MPAKA

Hili ndilo jinamizi la wazazi wa Busia. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa Kenya na Uganda, kimerahisisha safari za wananchi wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, sio kila anayevuka hupitia hapo. Njia za panya ni nyingi, na Mto Sio, ambao katika sehemu zake ndio mpaka wenyewe, una watu wanaouvuka kila siku kwenda sokoni na kwa jamaa.

Mzazi anayekimbilia kituo cha polisi mara nyingi huambiwa kwamba hilo ni jambo la korti. Kuna sababu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inalifanya kosa la jinai tendo la kumwiba mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini inampa kinga anayedai kwa nia njema kwamba ana haki ya kukaa na mtoto huyo. Mzazi hudai hivyo kwa urahisi. Hata hivyo ni muhimu kuandikisha taarifa na kupewa nambari ya OB, kwa kuwa huonyesha mahakama kwamba ulichukua hatua mara moja.

Silaha kubwa zaidi ni amri ya kumleta mtoto mahakamani. Sheria humruhusu hakimu kumwamuru yeyote anayemficha mtoto, au anayekusudia kumwondoa nchini, aeleze aliko, amlete mbele ya korti na asimvushe mpaka. Amri hiyo hufaa zaidi ikiombwa kabla mtoto hajaondoka. Nakala yake ipelekwe kwa maafisa wa uhamiaji na polisi walio Busia na Malaba, kwa kuwa amri iliyofungiwa kabatini haimzuii mtu barabarani.

Mtoto akishavuka, amri ya hakimu wa Busia haina makali ya moja kwa moja upande wa pili. Polisi wa Kenya hawawezi kwenda kuitekeleza Uganda. Upo Mkataba wa Hague wa 1980 unaozilazimu nchi wanachama kumrejesha haraka mtoto aliyetoroshwa, lakini kufikia 2022, mwaka wa sheria mpya ya Kenya, hakuna kati ya nchi hizi mbili iliyokuwa imejiunga nao.

Kinachobaki ni njia ya sheria ya Uganda yenyewe. Sheria ya Watoto ya nchi hiyo, iliyofanyiwa marekebisho mnamo 2016, nayo huyaweka mbele maslahi ya mtoto. Mzazi huweza kumwendea afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, kisha mahakama ya familia na watoto, akiwa na nakala zilizothibitishwa za amri ya Kenya. Amri hiyo huwa ushahidi mzito kwamba tayari korti yenye mamlaka ilikwisha kuamua. Afisa wa watoto wa Kenya huweza kuwasiliana na mwenzake wa Uganda, na mara nyingi mawasiliano hayo huzaa matunda kabla ya kesi.

Jambo moja lisifanywe kamwe: kuvuka na kumnyakua mtoto kwa nguvu. Anayefanya hivyo huweza kushtakiwa katika nchi ngeni, humtia mtoto hofu, na hupoteza ubora wa kuwa upande uliotii sheria.

KUDHARAU MAHAKAMA

Ikiwa makubaliano yalikwisha kuwa amri, mzazi huweza kuomba mwenzake aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Ingawa Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Kudharau Mahakama ya 2016 mnamo Novemba 2018, uwezo wa korti kuwaadhibu wakaidi haukutoweka. Mahakimu wanao chini ya sheria nyingine, ikiwemo Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015.

Kiwango cha uthibitisho, hata hivyo, ni cha juu kuliko katika kesi za kawaida za madai. Ni lazima ionyeshwe kwamba amri ilikuwa wazi, kwamba mshtakiwa aliijua, kwamba aliivunja, na kwamba alifanya hivyo kwa makusudi. Amri isemayo tu kwamba baba atamwona mtoto "kwa wakati unaofaa" ni vigumu kuitekeleza. Amri isemayo "kila Jumamosi ya pili, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, makabidhiano kwenye ofisi ya chifu" haina pa kujificha.

Pia, kifungo kina gharama yake. Mzazi akifungwa, mtoto hupoteza mlezi au mlipa karo. Ndiyo maana mahakimu wengi hutoa onyo na nafasi ya kujirekebisha kwanza.

MABADILIKO GANI HUWEZEKANA?

Kati ya kuacha mambo yalivyo na kumhamisha mtoto kabisa kuna ngazi nyingi, na mzazi anayeomba ngazi inayolingana na kosa husikizwa zaidi kuliko anayeomba kila kitu.

Mahakama huweza kuifafanua ratiba, kutoa siku za kufidia zile zilizopotea, au kuhamisha makabidhiano hadi mahali pasipo pa upande wowote. Huweza kuagiza mtoto aonwe mbele ya mtu wa tatu, hasa kama kuna hofu ya kutoroshwa. Huweza kuzuia safari za nje ya nchi bila idhini ya maandishi, na kuagiza hati za kusafiria za mtoto zihifadhiwe kortini. Huweza pia kutenganisha ulezi wa kisheria, yaani mamlaka ya kuamua mambo makubwa kama shule na matibabu, na malezi ya kila siku. Hatua ya mwisho ni kumhamishia mtoto kwa mzazi wa pili, au hata kwa jamaa kama nyanya ambaye kwa kweli ndiye amekuwa akimlea.

Kuna pia visingizio ambavyo mahakama huvipokea. Mzazi aliyekataa kumtoa mtoto kwa sababu mwenzake alimpiga mtoto au alikuja akiwa mlevi hakuvunja amri kwa ukaidi. Lakini anapaswa kwenda kortini mara moja, na si kujifanya hakimu kwa miezi. Sheria ya Kulinda Dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani ya 2015 humruhusu kuomba ulinzi.

KARO HAIUZI ZIARA

Kosa jingine la kawaida ni kubadilishana matunzo kwa ziara. Baba husema hatatuma pesa mpaka amwone mtoto. Mama husema mtoto hataonwa mpaka pesa zitumwe. Wote wawili wamekosea. Matunzo na kuonana ni haki mbili tofauti, na zote ni za mtoto. Asiyelipa hudaiwa kwa njia yake, ikiwemo kukatwa mshahara, kushikiwa mali au kufungwa gereza la madai. Anayezuia ziara naye hushtakiwa kwa njia yake. Hakuna mmoja anayeruhusiwa kumtumia mtoto kama rehani.

Mzazi anayetaka amri ibadilishwe basi na aendelee kuitii iliyopo, hata kama mwenzake haitii. Ni vigumu kuomba msaada wa korti kwa mikono ambayo nayo imeivunja amri yake.

SAUTI YA MTOTO

Sheria ya 2022 inataka mtoto apewe nafasi ya kusema, na maoni yake yapimwe kulingana na umri na ukomavu wake. Mara nyingi hakimu huongea naye faraghani, bila wazazi. Mtoto aliyefundishwa maneno hugundulika upesi, na aliyemfundisha hupoteza heshima machoni pa korti.

Asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kukata rufaa katika Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili huweza kutafuta msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, au kwa shirika la mawakili wanawake, FIDA, lenye ofisi Kisumu. Nambari ya simu ya watoto, 116, hupigwa bila malipo na mtu yeyote anayehofia usalama wa mtoto.

Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Mtoto anayengojwa shuleni Jumatatu asubuhi naye akiwa ng'ambo ya mto hana faili, hana wakili, wala hana saini katika makubaliano yaliyovunjwa. Kila wiki inayopita bila hatua humzoeza maisha mapya, na baadaye mahakama husita kuyavuruga tena. Kwa hiyo anayekusudia kwenda kortini asingoje muhula uishe. Achukue daftari lake, nakala ya makubaliano na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, aanzie kwa afisa wa watoto, na aombe kile tu ambacho mtoto wake anakihitaji.